Kabla ya kugombana kwa tiki moja, ikaguliwe simu

Baba anafanya kazi Kibaha, mama na watoto wako kijijini Kisarawe. Saa 2 usiku mama anatuma ujumbe wa WhatsApp kwamba mtoto ana homa na fedha ya dawa haitoshi. Tiki moja. Saa 4, bado tiki moja. Kesho yake baba akipiga simu, salamu haijaisha ugomvi umeshaanza: kwa nini ulizima data? Ulikuwa na nani?

Familia nyingi zinazoishi sehemu mbili zinaujua ugomvi huu. Lakini tiki moja ya kijivu inasema jambo moja tu: ujumbe umetoka kwa mtumaji, haujafika kwenye simu ya mpokeaji. Huenda simu imezimwa, huenda mtumaji amezuiwa. Mara nyingi, hata hivyo, data ndiyo haifanyi kazi na mwenye simu hana habari. Simu inawaka, watu wanampigia kama kawaida, naye anaamini usiku ule hakutafutwa na mtu.

Ndiyo maana jambo la dharura halifai kuachiwa WhatsApp peke yake. Simu ya kawaida na SMS hazihitaji data.

Bando lipo, intaneti haipo

Kosa linaloongoza ni la laini mbili. Mzazi ananunua bando kwenye laini moja, huku simu ikiwa imechaguliwa kutumia data ya laini nyingine. MB zinakaa bila kuguswa, na kama ile laini ya pili ina salio, salio ndilo linaliwa. Aingie kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya mtandao au laini, aone ni laini ipi imewekewa data. Mtoto aliyekuwa akicheza gemu anaweza kuwa ameibadilisha kwa kugusa mara moja tu.

Hapo hapo atazame mambo mengine matatu. Kwanza, kikomo cha data: kikiwekwa, simu hukata intaneti yenyewe kikifikiwa, hata kama bando halijaisha. Pili, kiokoa data na kiokoa betri: vinaweza kuzuia ujumbe kuingia mpaka mtu afungue WhatsApp kwa mkono wake. Tatu, tarehe na saa: simu iliyozimika kwa chaji ikawaka na tarehe ya uongo inaweza kugomewa na WhatsApp hadi irekebishwe.

Vilima, misitu na herufi E

Anayetoka Maili Moja, Kibaha, kwenda Maneromango ataona alama za mtandao zikibadilika juu ya kioo: 4G, kisha H, na sehemu nyingine E. Kisarawe ina vilima na misitu kama ya Pugu na Kazimzumbwi, na mawimbi ya simu hudhoofika yanapokutana na kilima au yanapokuwa mbali na mnara. E ni teknolojia ya zamani. Maandishi hupita kwa kusuasua, lakini picha ya cheti cha mtoto au ujumbe wa sauti hukwama njiani.

Njia ya haraka ni kuwasha alama ya ndege kwa nusu dakika kisha kuizima. Simu hulazimika kutafuta mnara upya. Isipokubali, aangalie aina ya mtandao iliyochaguliwa: ikiwa ni 4G pekee, mahali pasipo na 4G simu inaweza kukosa mtandao kabisa. Chaguo la kujibadilisha yenyewe kati ya 4G, 3G na 2G ndilo linalomfaa anayesafiri kati ya mji na kijiji.

Kuna siku tatizo haliko mkononi mwa mtumiaji. Mei 2023 Serikali na kampuni za simu zilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, kwa sababu yapo maeneo ambayo mnara ndio uliokosekana. Na Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti iliyumba Tanzania na nchi jirani, na hakuna mpangilio wa simu ambao ungeirudisha. Jirani wa mtandao uleule naye akikosa, simu iachwe ilivyo.

Simu ya mtumba au iliyotoka nje

Simu iliyoletwa na ndugu kutoka Oman au Dubai inaweza kupiga na kupokea vizuri, lakini intaneti ikagoma. Hapa mshukiwa ni APN, yaani jina la mlango ambao simu hupitia kuingia intaneti. Kila kampuni ina lake, na herufi moja ikikosewa mlango haufunguki. Sehemu ya APN ina chaguo la kurudisha mipangilio ya mwanzo, na hilo lijaribiwe kwanza. Likishindikana, apige huduma kwa wateja, namba 100, aombe kutumiwa mipangilio ya intaneti.

Kabla ya kumkabidhi fundi

Hapa ndipo pa kuwa makini zaidi. Kuweka upya mipangilio ya mtandao hufuta nywila za WiFi na miunganisho ya bluetooth, picha zinabaki. Kuirudisha simu ilivyotoka kiwandani hufuta kila kitu, pamoja na picha za mtoto ambazo hazikuhifadhiwa kwingine. Mzazi amuulize fundi anafanya lipi kati ya hayo, tena kabla hajaanza.

Fundi anayetengeneza intaneti hahitaji namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money, Mixx wala HaloPesa. Akiiomba, simu irudi mfukoni. Anayepiga akijiita ofisa wa kampuni ya simu na kutaka namba hiyo ni tapeli, na namba yake huripotiwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.

Ukaguzi wote huu, kuanzia laini hadi APN, hauzidi dakika 10. Wazazi waufanye pamoja siku wakiwa nyumba moja, simu zote mbili zikiwa mezani, na wakubaliane kabisa: mtoto akiumwa usiku, kwanza ni kupiga.