Utafiti Si wa Wenye Koti Jeupe Peke Yao

Kila mwaka wa masomo unapokaribia kwisha, stesheneri za jirani na vyuo vyetu hapa Mwanza hujaa wanachuo wanaochapisha ripoti za utafiti. Soma majalada yake. "Mchango wa hiki katika kile: Uchunguzi Kifani wa Wilaya ya Nyamagana." Badilisha maneno mawili, umepata ripoti ya mwenzako wa mwaka jana. Wengine hata hawafichi: desa limetoka kwa kaka aliyehitimu, madodoso yamejazwa hosteli usiku mmoja, na ripoti ikishapewa alama inalala kabatini mpaka panya waichoke.

Ni rahisi kusema tatizo ni uvivu. Uvivu upo, tusidanganyane. Lakini kuna jambo kubwa zaidi: tumeaminishwa kwamba utafiti wa kweli ni ule wa maabara. Mwenye darubini anatafiti. Wa historia, fasihi, sosholojia au uandishi wa habari yeye "anaandika tu karatasi." Na wa michezo ndiyo kabisa, anaonekana amekuja chuo kucheza. Sasa mtu akishaambiwa kazi yake si utafiti bali ni kutimiza masharti ya kuhitimu, kwa nini asidese?

Hoja yangu ni kwamba ufukwe huu wa ziwa umekwisha kuonyesha kinyume chake. Maswali makubwa ya hapa hayajibiwi na taaluma moja, na anayeacha taaluma nyingine nje ya mlango huishia kupata nusu ya jibu.

Tuanze na eneo ambalo limeipa Mwanza jina kwa watafiti duniani, yaani UKIMWI. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijiji na miji midogo 12 ya mkoa huu iliingia katika utafiti mkubwa: nusu yake iliboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya afya, nusu nyingine ikasubiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995, yakionyesha kwamba maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40 kule tiba ilikoboreshwa. Dunia nzima ilisoma habari za zahanati zetu. Hiyo ni sayansi ya tiba, na heshima yake haina ubishi.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwishoni mwa miaka hiyohiyo ukaja mradi wa MEMA kwa Vijana, uliopeleka elimu ya afya ya uzazi kwa wanafunzi wa shule za msingi na kuboresha huduma za vijana kwenye vituo vya afya. Ulipopimwa, vijana walikuwa wanajua zaidi na mitazamo yao ilikuwa imebadilika. Vipimo vya damu, hata hivyo, havikuonyesha kwamba VVU vimepungua. Kujua walijua, kilichowazuia kutenda ni nini?

Swali hilo maabara haiwezi kulijibu peke yake. Walioingia kulishughulikia ni watafiti wa jamii, wakaishi vijijini, wakala na wenyeji, wakalima nao, wakasikiliza maongezi ya kisimani na ya sokoni. Waliona kwamba mambo mengi ambayo vijana waliyaficha kwenye dodoso yalikuwa bayana katika maisha ya kila siku, na kwamba umaskini, zawadi na fedha vilikuwa na nguvu kuliko somo la darasani. Fikiria hapo, wewe unayejaza madodoso hosteli: hata madodoso yaliyojazwa kihalali, kwa usimamizi mzuri, yalihitaji mtu wa kukaa na watu ndipo yaeleweke.

Mfano mwingine utawafurahisha wenzetu wa teolojia. Miaka michache baadaye, watafiti wanaofanya kazi na Bugando walijiuliza kwa nini baadhi ya wanaume hawajitokezi kwenye tohara ingawa huduma ni ya bure. Wakaenda kwa viongozi wa makanisa. Kwenye vijiji vilivyochaguliwa waliwapa viongozi hao semina iliyogusa Biblia, mila na tiba kwa pamoja, kisha wakalinganisha na vijiji ambavyo havikupata semina. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba kule kwenye semina zaidi ya nusu ya wanaume walifanyiwa tohara, na kule kwingine hawakufika theluthi. Hapo aliyefungua mlango ni mchungaji, daktari akaingia nyuma yake.

Angalia pia Kisesa, mwendo mfupi tu wa daladala kutoka mjini. Kwa watu wa afya ni kata maarufu kwa takwimu, kwa sababu tangu mwaka 1994 watafiti wamekuwa wakifuatilia afya ya wakazi wake, kaya kwa kaya. Kwa watu wa utamaduni, Kisesa ni Bujora, yenye makumbusho ya Wasukuma na ngoma za ushindani za Wagika na Wagalu. Na mtu wa michezo angeona nini? Pande mbili zenye mashabiki, mbinu za kuvuta umati na ushindani ulioanza kabla Simba na Yanga hawajazaliwa. Kata ni moja, wasomi ni wa aina tatu, na kila mmoja hupanda daladala yake akarudi bila kumjua mwenzake.

Hapa ndipo nataka kusimama na michezo, maana ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, na gharama yake hapa kwetu ni roho za watu.

Tunaishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na wengi wetu hatujui kuogelea. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza, ikaua mamia ya watu. Nenda makaburi ya Igoma ukaone. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka mita chache kabla ya gati la Bwisya kule Ukara, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Vyombo hivyo vilibeba watu kupita uwezo wake, na kuogelea si dawa ya uzembe wa namna hiyo. Lakini hao ni wale waliotangazwa redioni. Mvuvi wa dagaa anayetoka usiku wa giza na mtumbwi ukapigwa na wimbi, au mtoto aliyetumwa kuchota maji akateleza, hao hulia ndugu zao tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani kote.

Bangladesh walilifanya jambo hili kuwa utafiti. Waliwafundisha watoto kuogelea kwa ajili ya kujiokoa, wakawafuatilia, wakakuta kwamba waliofundishwa walikufa maji kwa kiwango kidogo mno kuliko wenzao. Kwa hiyo kuogelea ni chanjo ya aina yake, na mwalimu wa michezo ndiye mchanjaji.

Je, sisi tunaweza kuiga hivihivi? Hapana, na hapo ndipo utamu wa utafiti ulipo. Maji yetu ya ufukweni yana kichocho, ambacho vijidudu vyake hutoka kwa konokono na kupenya ngozi, na kichocho cha tumbo cha huku kwetu hutoka zaidi jua linapokuwa kali. Ukimwita mtoto saa sita mchana ajifunze kuogelea umemwokoa na kifo kimoja ukamkabidhi ugonjwa mwingine. Hivyo tunamhitaji mtu wa biolojia atuambie wapi na saa ngapi. Tunamhitaji mtu wa sosholojia aulize wazazi wanaonaje binti zao kuingia majini. Kule Nungwi, Zanzibar, mradi wa kufundisha wasichana kuogelea ulifanikiwa baada ya kupatikana vazi la kuogelea linalositiri mwili wote. Mtu wa sheria achunguze nani anawajibika jaketi okozi zisipokuwepo. Mwandishi wa habari apeleke matokeo redioni kwa lugha inayoeleweka mwaloni. Mwalimu wa michezo abuni mafunzo yenyewe. Na bahati nzuri Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kiko Kwimba, mkoa huuhuu.

Najua atakayesema mshika mawili moja humponyoka, kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza atosheke na fani yake. Nakubaliana naye nusu. Sitaki mwanafunzi wa fasihi ajifanye daktari. Nataka wanafunzi watatu wa fani tatu washike swali moja, kila mmoja kwa zana zake, na kila mmoja aandike ripoti yake. Wengine watasema bumu halitoshi. Kweli halitoshi, lakini fedha zilezile za kwenda na kurudi tunazitumia sasa kwa ripoti ambazo hakuna anayezisoma. 

Kwa hiyo naiomba serikali yetu ya wanafunzi ipeleke mambo matatu kwenye menejimenti. Kwanza, idara ziruhusu wanafunzi wa fani tofauti, ikiwezekana hata wa vyuo tofauti vya Mwanza, kutafiti swali la pamoja chini ya wasimamizi wawili, huku taratibu za vibali na maadili zikifuatwa kama kawaida. Pili, michezo itambuliwe kuwa uwanja halali wa utafiti. Mabonanza yetu yanatoa majeruhi na mapato kila msimu, na mwaka 2027 nchi yetu ni mwenyeji mwenza wa AFCON. Tatu, kila ripoti iambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaorudi kwa waliohojiwa, iwe ni ofisi ya serikali ya mtaa au BMU ya mwaloni. Aliyekupa saa yake moja kujibu maswali yako ana haki ya kujua ulichokikuta.

Na sisi wenyewe tusisubiri barua ya kujibiwa. Mada za mwaka huu bado hazijapitishwa. Kabla hujaenda kuomba desa, shuka kwenye mwalo wowote wa karibu, kaa na wavuvi asubuhi moja, uwaulize wanakosa majibu ya nini. Ukirudi, mtafute mwenzako wa fani nyingine umweleze.