Soma Namba Iliyo juu ya Chupa



Mara nyingi tunamwuliza mgonjwa wa maini, "Baba, unakunywa pombe?" Naye anajibu, "Hapana, Muganga. Bia nimeiacha zamani. Sasa ni wiski tu, glasi moja jioni." Mtu huyo hasemi uongo. Anahesabu glasi, na glasi ni moja kweli. Lakini maini yake hayahesabu glasi. Yanahesabu alkoholi iliyo ndani ya glasi, na hesabu hiyo ni nyingine kabisa.

Kwa hiyo nasema: mtu asiyejua kusoma namba ya chupa asiseme kwamba anakunywa kidogo. Hajui.

Namba hiyo ni nini?

Shika chupa ya wiski uisome. Acha jina kubwa na picha nzuri. Tafuta namba ndogo, mara nyingi chini au pembeni: 40% vol. Maana yake ni kwamba katika kila sehemu 100 za kinywaji hicho, sehemu 40 ni alkoholi yenyewe, ile inayolewesha. Watu wengi kwetu huiita digrii. Neno hilo linatokana na kipimo cha Gay-Lussac, mtaalamu wa Ufaransa wa karne ya 19. Digrii 40 zake na 40 kwa mia ni kitu kimoja.

Chupa nyingine ikitoka Marekani huandikwa pia "80 proof". Usidanganyike kwamba hiyo ina nguvu mara mbili. Wamarekani huzidisha namba kwa 2 tu. 80 yao ni 40 yetu.

Bia nyingi zina kama 5 kwa mia, na divai kama 12. Wiski ya Scotland, kwa sheria yao, haiwezi kuwa chini ya 40. Nyingine zina 43 au 46, na chache hupita 60.

Sasa tufanye hesabu

Zidisha sentilita za kinywaji kwa namba ya chupa, kisha gawanya kwa 100. Chupa kubwa ya bia, sentilita 72 kwa 5, ina sentilita 3.6 za alkoholi. Chupa ya wiski, sentilita 70 kwa 40, ina sentilita 28. Chupa hizo mbili zinalingana kwa ukubwa, lakini ile ya wiski ni sawa na karibu chupa 8 kubwa za bia!

Na yule baba wa glasi moja? Kama glasi yake ni ile ya chai, ya sentilita 20, akiijaza amekunywa sentilita 8 za alkoholi. Hizo ni zaidi ya chupa 2 kubwa za bia, kila jioni. Nani angemwambia muganga kwamba chupa 2 kila jioni ni kidogo?

Maini ya mtu mzima huondoa alkoholi kiasi cha sentilita 1 kwa saa, zaidi au pungufu kidogo. Basi glasi ile inahitaji kama saa 8. Akinywa saa nne ya usiku, hata kukipambazuka bado imo katika damu yake, naye anapanda pikipiki kwenda kazini. Kahawa haiharakishi kazi hiyo, wala kuoga maji baridi. Akichanganya wiski na soda, namba inashuka, lakini alkoholi yote ingali mle ndani. Akiimaliza glasi, ameinywa yote.

Wiski na kanyanga ni ndugu

Wengine husema, "Wiski ni safi, si kama kanyanga." Lakini tazama jinsi inavyotengenezwa. Nafaka huchachushwa kwanza, kama bia. Kisha huchemshwa. Alkoholi huchemka kwenye joto la 78, maji kwenye 100. Basi mvuke wa alkoholi hutangulia, nao hukamatwa na kupozwa. Anayepika kanyanga kule Kivu, au lutuku kule Katanga, anafanya kazi ileile kwa pipa na bomba. Hao ni ndugu wa tumbo moja: mmoja amevaa koti, mwingine amevaa matambara.

Tofauti kubwa ni namba. Wiski ya kweli inakuambia nguvu yake. Kanyanga haikuambii kitu; ya leo si sawa na ya jana. Tena pombe ya siri, au wiski ya bandia katika chupa nzuri, inaweza kuwa na methanoli. Hiyo ni sumu inayopofusha macho na kuua, wala huwezi kuitambua kwa harufu au kwa kuonja. Mtu akinywa pombe, kisha baadaye, hata siku ya pili, akaumwa sana kichwa na tumbo, akatapika, na macho yakaona ukungu, msimlaze nyumbani mkingoja ulevi uishe. Mleteni hospitali upesi.

Neno kwetu sisi wa kanisa

Sisi tunamkemea mama anayeuza kasiksi ya ndizi ili alipe shule ya watoto. Kisha siku ya arusi tunamchekea bwana aliyeweka chupa ya wiski mezani, na kumpa kiti cha mbele. Je, hiyo ni haki? Chupa ile moja ina nguvu kuliko vikombe vingi vya yule mama. Simtetei mama, nasema kipimo kiwe kimoja. Bei ya kinywaji haipunguzi nguvu yake.

Wala msiseme kwamba nawafundisha kunywa kwa hesabu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni lilisema wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Inaleta kansa ya kinywa, ya koo, ya maini na ya matiti. Mama mwenye mimba asiionje hata kidogo. Anayetumia dawa za kifua kikuu aiache, maana dawa hizo na pombe pamoja huyaumiza maini.

Lakini mtu aliyezoea kunywa sana kila siku asikate ghafula peke yake. Anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupatwa na kifafa. Aje kwetu kwanza, tumsaidie kuacha.

Basi, ndugu, ukiulizwa na muganga, usijibu "kidogo tu". Sema ni kinywaji gani, namba yake ngapi, na glasi yako ni kubwa namna gani. Hatukuulizi ili tukuaibishe. Tunauliza kwa sababu maini yaliyokwisha kukauka na kuwa magumu hayarudi kuwa kama zamani, nasi tungependa kukuona kabla ya siku hiyo.