Vipele vyenye kitovu: wembe uwekwe chini



Ndugu wazazi, mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia ugonjwa mdogo ambao sisi watu wazima tumeufanya kuwa mkubwa. Ni vile vipele vinavyong'aa kama shanga, vinavyoota kwa mtoto shingoni, kwapani, tumboni, nyuma ya magoti au usoni. Ukikitazama kipele kimoja kwa karibu utaona kishimo katikati, kama kitovu. Havina maumivu. Mtoto anacheza, anakula, hana homa. Lakini mama hapati usingizi, bibi anatafuta dawa, na majirani wameanza kunong'ona.

Maoni yetu sisi tunaohudumia watoto hospitalini tunayatoa mapema: kwa mtoto mwenye afya, vipele hivi huondoka vyenyewe. Makovu na vidonda vibaya tunavyovifunga bendeji aghalabu havikuletwa na ugonjwa. Vililetwa na wembe, maji ya betri na papara zetu wakubwa.

Ni ugonjwa gani huu?

Kitaalamu unaitwa molaskamu. Huletwa na kirusi cha ukoo mmoja na kile cha ndui. Tukitaja ndui wazee hushtuka, nao wana haki, kwani iliua watu wengi na kupofusha wengine. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ndui imetokomezwa duniani. Kirusi cha molaskamu ni wa ukoo ule, lakini hakina ukali wake. Hukaa katika tabaka la juu la ngozi tu. Hakiingii katika damu, hakishuki mapafuni wala tumboni. Tena kikishaondoka hakibaki kimejificha mwilini kama kile cha tetekuwanga, ambacho huweza kuamka baada ya miaka mingi na kuleta mkanda wa jeshi.

Huwapata zaidi watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 10. Tangu mtoto aambukizwe mpaka kipele cha kwanza kionekane huweza kupita wiki 2 hadi miezi 6. Kwa hiyo si rahisi kujua ameupata wapi, na mama anayekwenda kugombana na jirani kwamba mtoto wake ndiye aliyeleta vipele anapoteza ujirani bure. Kipele kimoja huchukua kama miezi 2, lakini kimoja kikikauka kingine huota. Ndiyo maana ugonjwa wote kwa kawaida huchukua miezi 6 hadi 12, na kwa watoto wachache huweza kufika hata miaka 4.

Unaeneaje?

Ndani ya kipele mna rojo nyeupe, nzito. Rojo hiyo imejaa virusi. Mtoto akikuna, hubeba virusi kwa kucha na kuvipanda mahali pengine mwilini mwake. Huambukiza wengine kwa kugusana ngozi kwa ngozi, kwa taulo, dodoki, nguo, na kwa wembe wa kunyolea.

Tuangalie maisha yetu yalivyo. Huku juu milimani, Chome, Mbaga au Bwambo, baridi ikikaza watoto watatu hulala chini ya blanketi moja. Kule chini, Makanya au Hedaru, kiangazi maji ni ya kupimwa kwa dumu, na beseni moja huogesha watoto wote mmoja baada ya mwingine, kwa dodoki lile lile na khanga ile ile ya kujifutia. Na siku ya kunyoa, wembe mmoja huzunguka vichwa vyote vya nyumba. Huu si uchafu wala uzembe wa mama. Ni uhaba. Lakini hata katika uhaba yako mambo tunayoweza kuyapanga, nasi tutayataja.

Mkono wenye haraka

Mzazi anapoona miezi miwili imepita na vipele vinaongezeka, huona lazima afanye jambo. Hapo ndipo wembe hutoka. Wengine hukata vichwa vya vipele wakaweka majivu. Wengine huchoma kwa maji ya betri, wengine hupaka utomvu mweupe wa mnyaa, ule mti wa uani. Wengine huviminya kwa kucha mpaka rojo itoke.

Tutazame kila moja. Wembe humwaga damu na rojo juu ya ngozi nzima, basi palipokuwa na vipele 5 baada ya mwezi vitaonekana 20. Kidonda kilichotiwa majivu au udongo ni mlango wa pepopunda. Wembe uliotumika kwa mtoto mmoja na kuhamia kwa mwingine huweza kubeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini. Maji ya betri ni asidi: hayachagui kipele na ngozi nzima, huunguza vyote, na kovu lake mtoto atazeeka nalo. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni huweza kuharibu uwezo wa kuona, na mtoto aliyepakwa shavuni hafundishiki kutojifuta macho.

Yapo pia yale makrimu ya mchanganyiko yanayouzwa madukani kwa kila ugonjwa wa ngozi. Mengi yana dawa inayopunguza nguvu ya kinga katika ngozi. Kinga hiyo ndiyo hasa tunayoitegemea iviondoe vipele. Kwa hiyo mzazi hutoa fedha zake ili kumfunga mikono askari wake mwenyewe.

Tunajua swali linalofuata, kwa sababu akina mama hutuuliza: "Sasa nikae tu mwaka mzima nikivitazama?" Ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba kungoja si kukaa bure. Ziko kazi za kufanya wakati wa kungoja:

1. Kata kucha za mtoto ziwe fupi, na mfundishe kunawa mikono kwa sabuni.
2. Mwogeshe mwenye vipele mwisho, baada ya wenzake. Hata kama maji ni kidogo, usiwaweke katika beseni moja kwa pamoja.
3. Mtengee kitambaa chake cha kujifutia na dodoki lake. Kipande cha khanga kuukuu kinatosha. Kifuliwe na kuanikwa juani.
4. Usinyoe palipo na vipele. Kila mtoto awe na wembe wake.
5. Vipele vinavyosuguana na wenzake vifunikwe kwa nguo au bendeji anapokwenda kucheza.
6. Ngozi kavu huwasha na kukunwa. Mpake mafuta ya kawaida yasiyo na manukato makali, uyachote kwa kijiko kisafi, si kwa vidole vilivyogusa vipele.

Na jambo moja mzazi alijue: mara nyingi kipele kinapokaribia kuondoka huwa chekundu na kuvimba kidogo. Wengi huona kimeharibika wakakimbilia wembe. Kumbe mwili umekitambua adui na unakifukuza. Hapo ndipo uvumilivu unatakiwa kuliko siku zote.

Je, hakuna dawa?

Zipo njia za hospitali: kuvikwangua baada ya kutia ganzi, kuvigandisha kwa baridi kali, au kupaka dawa ya kuvibabua kwa kipimo. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa yake ya kwanza ya kupaka iliyotengenezwa mahsusi kwa ugonjwa huu, nayo hupakwa na mhudumu wa afya, haipewi mtu aende nayo nyumbani. Lakini watafiti wa Cochrane walipokusanya majaribio mengi na kuyapima katika ripoti yao ya mwaka 2017, hawakuona njia hata moja iliyothibitika kuzishinda nyingine, nao wakaona kuacha vipele viondoke vyenyewe ni njia inayokubalika. Sisi hatuoni sababu ya kumwumiza mtoto wa miaka mitatu kwa kitu kitakachoondoka, isipokuwa vipele vikimsumbua kweli. Anayehitaji mtaalamu hana haja ya kwenda mbali na mkoa wetu: pale KCMC, Moshi, kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda tangu mwaka 1992. Mzazi aanzie zahanati au kituo cha afya cha karibu, apewe barua.

Shule na hofu ya Mpox

Mwezi Machi 2025 Wizara ya Afya ilipotangaza kuwa wagonjwa wa Mpox wamethibitishwa nchini, kila kipele kilitiliwa shaka. Hofu hiyo inaeleweka, kwani Mpox nayo ni ya ukoo ule ule wa ndui, na vipele vyake huweza kuwa na kishimo. Lakini tofauti zipo. Mpox huja na homa, maumivu ya mwili na tezi zilizovimba, na vipele vyake huuma na kubadilika katika muda wa siku. Molaskamu huja polepole kwa majuma, bila homa na bila maumivu. Mwenye mashaka ampeleke mtoto akaonwe na mhudumu wa afya siku ile ile. Kuuliza si aibu.

Kwa walimu wetu tunasema hivi kwa heshima: mtoto mwenye molaskamu asirudishwe nyumbani. Asitengewe dawati la peke yake. Ugonjwa unaochukua mwaka mzima ukimtoa mtoto darasani, atapoteza darasa zima kwa ajili ya vipele visivyouma. Afunikwe kwa nguo, asishirikiane taulo na wenzake, asome.

Minong'ono

Tuseme wazi jambo ambalo watu hulisema kwa siri. Wapo wanaoona vipele hivi kwa mtoto na mara moja wanasema mama yake ana UKIMWI. Maneno haya yamewafanya akina mama wawafiche watoto na kuacha kuwaleta kliniki. Watoto wengi sana wenye molaskamu hawana virusi vya UKIMWI. Ila ni kweli pia kwamba kinga ikiwa dhaifu vipele huwa vingi mno, vikubwa, hujaa usoni na haviondoki. Mtoto wa namna hiyo, hasa akiwa anakonda, ana utando mweupe mdomoni au kuhara kusikoisha, apimwe. Akikutwa na virusi, dawa za ARV hutolewa bila malipo, na kinga ikipanda vipele navyo mara nyingi hutoweka. Kupima ni kazi ya kliniki. Si kazi ya wanaopiga soga kisimani.

Vilevile vipele vikionekana sehemu za siri za mtoto, mara nyingi ni yeye mwenyewe aliyevihamisha kwa kukuna. Mzazi asimtuhumu mtu, wala asinyamaze. Amlete mtoto aonwe kwa faragha, aulizwe kwa upole.

Mlete mtoto bila kuchelewa kama:

– kipele kina usaha, ngozi yake ni ya moto na inauma, au mtoto ana homa;
– vipele vipo kwenye kope na jicho ni jekundu;
– vipele ni vingi sana, vikubwa, au mtoto anadhoofika;
– ngozi yote inawasha sana, hasa usiku, na wengine nyumbani wanajikuna, maana huo huenda ni upele, ambao una dawa yake na hutibiwa nyumba nzima;
– tayari alikatwa au kuchomwa. Mlete hata hivyo. Hatutakugombeza. Tunataka tuangalie kidonda na chanjo yake ya pepopunda.

Ndugu wazazi, katika Injili ya Marko, sura ya kwanza, Bwana wetu alijiwa na mtu ambaye ngozi yake iliwafanya wote wamkimbie, akanyosha mkono akamgusa. Sisi tunaombwa jambo jepesi zaidi: tusimkimbie mtoto wetu, na mkono tunaomnyoshea usiwe na wembe.

Tunawaomba viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo na akina mama wa WAWATA walisome jambo hili katika mkutano wa mwezi huu, na wawafikishie mabibi wanaolea wajukuu vijijini, ambao huenda hawapati gazeti hili. Mwenye mtoto aliyekwisha kupona awaeleze wenzake ilichukua miezi mingapi, na kwamba ngozi imebaki safi. Mama mwenye wasiwasi atalisadiki neno la jirani yake kuliko letu.