Mko foleni ya nani?

Wadau, hili linanikera. Hapa hosteli kuna washkaji wamegoma hata kuchagua shule ya mazoezi ya kufundisha, eti "mimi nipo kwenye foleni ya grini kadi". Haya, tuelewane. Mama akiombewa na kaka yake aliye raia wa Marekani, nafasi inashikwa na tarehe ombi lilipopokelewa. Akae Mbeya, ahamie Muscat, tarehe haisogei.

Tatizo kundi hilo la ndugu lina kikomo cha visa 65,000 kwa mwaka, dunia nzima! Ndiyo maana watu wanasubiri zaidi ya miaka 15. Na hapa ndipo wengi mnajidanganya: aliyeombewa ni mama, siyo wewe. Wewe umebebwa mgongoni kama mtoto, na mtoto kwao ni asiyefika miaka 21 na hajaoa wala kuolewa. Sheria yao ya 2002 inakupunguzia umri kwa muda ule tu ombi lilipokuwa mezani halijaamuliwa. Miaka ya foleni baada ya hapo ni ya kwako. Ukitoa hiyo bado umevuka 21 siku zamu inafika? Mama anapanda ndege, wewe unabaki. Pigeni hesabu jamani, si ndio mnasomea kufundisha hesabu?

Kinachomponza mama mwenyewe ni ukimya. Akitaarifiwa kuwa visa ipo, akakaa mwaka mzima bila kuomba, usajili unaweza kufutwa. Basi akihama atoe anwani mpya. Nyie chagueni shule, fomu zinafungwa Ijumaa.