UCHAMBUZI: Sheria ya sarafu za kidijitali haitamwokoa aliyepoteza maneno yake ya siri

RAIS William Ruto alipotia saini sheria ya kusimamia watoaji huduma za mali za kidijitali mnamo Oktoba 2025, huenda Wakenya wengi wanaomiliki Bitcoin na sarafu za jinsi hiyo walishusha pumzi. Kwa takriban mwongo mzima, tangu Benki Kuu ya Kenya ilipotoa onyo Desemba 2015 kwamba sarafu hizo si fedha halali nchini, aliyezinunua alifanya hivyo kwa hatari yake mwenyewe. Sasa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA) zimekabidhiwa jukumu la kutoa leseni kwa kampuni zinazouza, kubadilisha na kutunza sarafu za wateja.

Hata hivyo, faraja hiyo ina mpaka ambao haujazungumziwa vya kutosha. Sheria inamlenga anayetunza mali ya wengine. Mwananchi anayeamua kujitunzia sarafu zake mwenyewe hana mdhamini, hana bima wala ofisi ya kupeleka malalamishi. Na wanaochagua njia hiyo wana sababu nzito. Soko la Mt. Gox la jijini Tokyo lilipoanguka mnamo 2014, lilitangaza kupoteza Bitcoin zipatazo 850,000, ingawa takriban 200,000 zilipatikana baadaye. Novemba 2022 ilikuwa zamu ya FTX, kampuni iliyosifiwa kote duniani hadi wiki ile ile ilipofilisika. Wateja wa masoko hayo hawakuibiwa funguo zao. Hawakuwahi kuwa nazo.

Kutokana na hofu hiyo, vifaa vidogo vya kuhifadhia funguo za siri, kama vile Trezor kutoka Jamhuri ya Czech na Ledger kutoka Ufaransa, vimepata wanunuzi wengi tangu 2014. Ni kifaa chenye umbo linalokaribiana na lile la flashi diski, chenye skrini ndogo na vitufe viwili vitatu. Kinyume na wanavyodhani wengi, sarafu hazimo ndani yake. Ziko katika daftari la pamoja linalotunzwa na maelfu ya tarakilishi ulimwenguni. Kilichomo ni ufunguo tu, na ubora wa kifaa ni kwamba ufunguo huo hautoki nje hata kinapounganishwa na tarakilishi iliyojaa virusi.

Hatari ya kwanza hujitokeza kabla kifaa hakijawashwa. Mapema 2018 kiliripotiwa kisa cha mnunuzi aliyepata kifaa kutoka kwa muuzaji wa rejareja mtandaoni. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi safi yenye maneno ya siri yaliyokwisha kuandikwa, na maelezo ya kumtaka ayatumie. Aliyatumia, na akiba yake ikatoweka, kwa kuwa aliyemuuzia alikuwa na nakala ya maneno hayo hayo. Anayenunua kifaa hiki barabarani, au kwa rafiki aliyekichoka, ananunua kufuli ambayo hajui ni nani mwingine ana ufunguo wake. Njia ya busara ni kuagiza kutoka kwa mtengenezaji au wakala anayetambuliwa naye, hata kama ushuru na gharama za usafirishaji zitauma. Kifaa halisi humfikia mnunuzi kikiwa kitupu, bila nambari ya siri wala maneno.

Kiini cha mambo yote ni maneno hayo. Kifaa kinapowashwa mara ya kwanza, huteua chenyewe maneno 12 au 24 kutoka katika orodha ya maneno 2,048, na kumwonyesha mwenyewe kwenye skrini yake ndogo. Huo ndio ufunguo wote. Kifaa kikiibwa au kikikanyagwa na matatu, mwenye maneno atanunua kingine na kurejeshewa kila kitu. Vivyo hivyo, mgeni akiyapata hatahitaji kifaa wala kuingia nyumbani kwa mtu.

Hapa ndipo mazoea ya Wakenya yanapoweza kuwaponza. Tangu 2007, M-Pesa imewafundisha kwamba kosa la fedha hurekebishika. Aliyetuma pesa kwa nambari isiyo yake hupeleka ujumbe wa muamala kwa 456 na kusubiri, na aliyesahau nambari ya siri hupiga simu kwa wahudumu. Katika ulimwengu wa Bitcoin hakuna 456. Mtaalamu mmoja wa programu nchini Marekani amejulikana duniani tangu 2021 kwa kusahau nywila ya kifaa kilichofungia Bitcoin 7,002, na hakuna mamlaka iliyoweza kumsaidia.

Mazoea ya pili ni kupiga picha kila kitu. Maneno yakipigwa picha kwa simu, mara nyingi picha hiyo hupanda yenyewe hadi kwenye hifadhi ya mtandaoni, na kuanzia hapo usalama wake unategemea nywila ya baruapepe. Kujitumia maneno hayo kwa WhatsApp ni kosa lile lile. Yaandikwe kwa mkono, kwa mpangilio wake, mbali na kamera. Ila karatasi nayo ina maadui wake, na hapa nchini mchwa ni adui wa kweli kuliko wadukuzi. Mafuriko ya 2024 yalisomba vyeti vya watu wengi pamoja na magodoro yao. Ndiyo sababu wenye akiba kubwa huchonga maneno hayo kwenye bamba la chuma cha pua na kuweka nakala katika majengo mawili tofauti.

Kabla ya kuhamisha akiba, mwenye kifaa hana budi kulijaribu andalio lake. Atume kiasi kidogo, tuseme cha shilingi mia chache, kisha akifute kifaa kabisa na kukirejesha kwa maneno aliyoyaandika. Akiziona sarafu zake tena, mwandiko wake ni sahihi. Wengi hulikwepa zoezi hili kwa sababu linatisha. Lakini ni afadhali kugundua neno lililokosewa wakati kilichomo ni nauli ya kwenda mjini.

Skrini ya kifaa nayo iaminiwe kuliko ile ya tarakilishi. Zipo programu hasidi ambazo kazi yake ni kubadilisha anwani ya mpokeaji pindi inaponakiliwa. Ukubwa wa hatari hii ulidhihirika Februari 2025, soko la Bybit lilipoibiwa sarafu za karibu dola bilioni 1.5, wizi ambao shirika la upelelezi la FBI lilisema ulitekelezwa na Korea Kaskazini. Maafisa wa Bybit waliidhinisha muamala ulioonekana halali kwenye tarakilishi zao, kumbe walichotia saini kilikuwa amri nyingine. Ikiwa kampuni ya kiwango hicho ilinaswa, mwalimu wa Kakamega anayebofya kwa haraka hana kinga.

Wala mtengenezaji mwenyewe si ngome isiyopenyeka. Desemba 2020 majina, anwani na nambari za simu za wateja takriban 270,000 wa Ledger yalianikwa mtandaoni baada ya kuibwa. Waliofuata ni matapeli. Walituma baruapepe za kuwataka wateja "kuthibitisha" maneno yao, na baadhi ya wateja hata wakaletewa vifaa bandia kwa posta. Hakuna kampuni halali inayomwomba mteja maneno hayo, kwa sababu yoyote ile. Aidha, kujigamba hadharani kuhusu utajiri wa aina hii kumekuwa hatari kwa mwili. Mmoja wa waasisi wa Ledger alitekwa nyara nchini Ufaransa Januari 2025 na kukatwa kidole kabla ya kuokolewa na polisi.

Limesalia suala ambalo familia nyingi hazijalifikiria. Shamba lina hatimiliki, akaunti ya benki ina rekodi, na mahakama huweza kuwapa warithi idhini ya kusimamia mali ya marehemu. Jaji anaweza kuamua kwamba sarafu ni za mjane na wanawe, lakini hana uwezo wa kuufungua mkoba ambao maneno yake yalizikwa na mwenyewe. Mume anayeficha siri hii ili kumlinda mkewe dhidi ya wezi anaweza kumwachia urithi usiogusika. Baadhi wameanza kumfahamisha mtu mmoja wanayemwamini mahali nakala ilipo bila kumwonyesha maneno, na kuweka maelezo ya matumizi ya kifaa kwa wakili pamoja na wasia. Wapo pia wanaogawanya sarafu zao katika mikoba inayohitaji funguo mbili kati ya tatu ili kufunguka, mmoja ukiwa kwa mke, mwingine kwa ndugu. Bunge, lililotumia muda mwingi kujadili leseni na ushuru, bado halijawaeleza warithi hao waanzie wapi.