Ekseli ya Motokaa ya Mbao

Katika vijiji vya Saboti, chini ya Mlima Elgon, watoto hawangoji kununuliwa motokaa za kuchezea. Huchonga kipande cha mtarakwa, hukata magurudumu katika ndara zilizochakaa au katika mbao, kisha hushindana mtelemkoni. Mwezi wa Mei mwaka 1953 yalipoanza mashindano makubwa ya motokaa ya Afrika ya Mashariki, huko California, Marekani, Bwana Don Murphy naye aliwaandalia watoto wa Skauti shindano la kwanza la vigari vya msonobari, kwa kuwa mwanawe alikuwa mdogo mno asiweze kushindana katika magari ya kupandwa. Ekseli za vigari vile zilikuwa misumari minne, kama zilivyo nyingi za Saboti.

Wengi hudhani ushindi u katika rangi na umbo. Sivyo. Kwa sehemu kubwa u katika msumari. Msumari mpya hutoka kiwandani una makovu: chini ya kichwa pana alama za meno ya mashine iliyoushika. Kila gurudumu lizungukapo, makovu hayo hukwaruza tundu lake, na mwendo huliwa kidogo kidogo. Basi fundi mdogo na ayaondoe kwa tupa, kisha aufunge msumari katika keke, auzungushe na kuusugua kwa msasa mkali, halafu mwororo, halafu ule mwororo kabisa uliolowa maji. (Jina la msasa ni la mti, ambao majani yake makwaruzi yalisugulia mbao zamani, kwa chuma hayafai sana.) Mwisho autie kitambaa chenye jivu lililochekechwa, hata ung'ae.

Hapa ndipo wengi waharibupo kazi. Mtoto hupaka grisi, naye hushinda mara moja. Mara ya pili vumbi jekundu limegandamana na mafuta, tundu limekuwa kinu cha kusaga ekseli, na kazi ya siku nzima imepotea. Kifaacho ni unga mkavu wa kalamu ya risasi, ambayo, licha ya jina lake, haina risasi hata kidogo: ni grafaiti, namna ya kaboni ambayo matabaka yake huteleza moja juu ya jingine.

Wako wazazi wavitiao vigari hivyo motoni, wakisema mtoto apoteza saa za shamba. Wakati wa palizi wana haki, mahindi hayangoji. Lakini mzazi yuyo huyo humlipa fundi kwa gololi za baiskeli zilizoliwa na vumbi, asijue kwamba mwanawe amekwisha kuielewa sababu yake.

Atakaye kujua kama kazi imekwisha, aligeuze gari juu chini, alipige gurudumu kwa kidole. Likizunguka kimya na kupunguza mwendo polepole, vyema. Likitetema, huenda msumari umepinda. Auviringishe juu ya kioo, na kama umepinda ataona mahali unaporuka.