*MASHINE YA NGUZO KULE BONDENI NA VIJANA WETU*



Hii ni wiki ya tatu mtaa unaamshwa na mdundo wa mashine inayopigilia nguzo za msingi kwenye kiwanja cha ghala kule bondeni, upande wa Mto Kizinga. Vijana kadhaa wa Tawi hili wanafanya kibarua pale. Jioni wanarudi na hela ya unga na ada ya shule za watoto, na hakuna kiongozi wa Tawi anayetaka kazi hiyo isimame.

Lakini Jumatano iliyopita mashine ile iliinama. Haikuanguka. Ilikuwa inahamishwa kwenda kwenye nguzo nyingine huku mlingoti umesimama na nyundo bado iko juu, cheni ya kushoto ikazama kwenye udongo laini. Opereta aliwahi kuishusha nyundo, ikatulia. Vijana wetu wawili walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha mlingoti huo wanakula mihogo.

Tangu siku hiyo grupu letu limegawanyika. Mzee wetu mmoja, ambaye sote tunamheshimu, alisema kwenye kikao cha Ijumaa: "Mkianza maneno, kesho geti linafungwa na wanaletwa watu kutoka kwingine." Mama mmoja, mwanawe ni mmoja wa wale wawili, akamjibu: "Baba, bora nimlishe akiwa hana kazi." Uongozi umesikia pande zote mbili. Hofu ya mzee si ya kubeza, kibarua hakina mkataba na kinakatika kwa neno moja. Hata hivyo, msimamo wetu ni kwamba Tawi halitanyamaza.

Tueleze kwa nini, maana wengi tunaisikia mashine ile bila kujua inavyofanya kazi. Nyundo yake peke yake ina uzito wa tani kadhaa, na inapandishwa juu kabisa ya mlingoti. Uzito ukiwa juu namna ile, mashine inategemea ardhi iliyo chini yake, basi. Ardhi ya bondeni tunaijua wenyewe: mvua za masika zikipita, hata bajaji inanasa. Ndiyo maana mahali pa aina hiyo hutandikwa mabamba ya chuma au mbao nene kabla cheni hazijapita, nyundo hushushwa chini kabla mashine haijahama, na mtu mmoja tu hutoa ishara kwa opereta. Pale kwetu siku ile hapakutandikwa kitu, na vijana wanasema watu watatu walikuwa wakipiga mikono kwa pamoja, kila mmoja na lake.

Hesabu ya kukaa mbali haihitaji injinia. Mlingoti wa mita 20 ukianguka unafika mita 20, na unaweza kuangukia upande wowote. Asiye na kazi ndani ya eneo hilo atoke, hata kama kivuli ni kizuri. Na hakuna kupita chini ya nguzo inayoning'inia kwenye waya, hata kwa sekunde moja.

Jambo la pili ni masikio. Mita 15 kutoka kwenye mashine ya kugonga, kelele inaweza kufika karibu desibeli 100. Nchi nyingi huanza kuchukua tahadhari kwenye 85 kwa kazi ya saa nane. Kijana anayesimama hapo wiki tatu bila vizibo haoni jeraha wala damu, ila nyumbani mkewe anamwita mara tatu ndipo aitike. Wanaotania kuhusu hilo humu ndani waache.

Tuwe wakweli na kwa upande wetu. Helmeti chache zilizotolewa, vijana wetu wenyewe wanazivua kwa sababu ya joto, na wengine wanaingia kazini na ndala. Katika hilo mwajiri ana kosa, na sisi pia tunalo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri asajili eneo la kazi na kulinda watu wake, na mitambo ya kunyanyulia inapaswa kukaguliwa na OSHA. Kuuliza cheti cha ukaguzi si uchochezi. Vilevile upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango wake analipa mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata shilingi. Shida ni kuthibitisha: kijana aumie leo, jina lake halipo kwenye daftari lolote, ataonyesha nini kwamba alikuwa kazini?

Novemba 16, 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo. Lile halikuwa jambo la mashine ya nguzo, lakini tuliona ndugu wakisimama pale mchana na usiku wakitaja majina ya watu waliokuwa ndani. Sisi tunataka majina yaandikwe mapema.

Kwa hiyo Jumatatu saa 3 asubuhi Mwenyekiti, Katibu na wajumbe wawili wataongozana na Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa kwenda kuonana na msimamizi wa mradi. Tutaomba daftari la vibarua, mabamba ya kutandika, uzio kuzunguka mashine, helmeti na vizibo vya masikio. Tukikosa majibu hadi Ijumaa, barua itakwenda OSHA, nakala kwa Diwani. Hatuendi na orodha ya watu wa kuajiriwa. Kuna waliopendekeza hivyo, na Uongozi umekataa. Kibarua hakiombwi kwa kadi ya chama.

Wanaofanya kazi pale wampe Katibu jina na siku walizofanya kazi, kwa ujumbe wa faragha, si humu. Wenye nyumba za jirani wapige picha kuta zao leo, zenye nyufa na zisizo na nyufa, na tarehe ionekane. Wazazi, watoto wasiende kuchungulia jioni. Kuna mashimo yameachwa wazi upande wa mtoni.

Ukisambaza ujumbe huu, usiukate nusu.

_Imetolewa na Katibu Mwenezi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi_